Itereta hatua kwa hatua: kupitia data bila kujua imepangwaje ndani

Tuchukue programu ndogo ya kikundi cha kuweka na kukopa, vile vikoba ambavyo wanachama hukutana kila wiki na kutoa michango yao. Kuna klasi ya `Daftari` inayotunza michango, na kuna sehemu nyingine za programu zinazolisoma daftari hilo: ripoti ya jumla, orodha ya wasiochanga, ujumbe wa simu kwa wanachama, ukurasa wa mweka hazina. Toleo la kwanza wengi huliandika hivi:

```python
class Daftari:
    def __init__(self):
        self.michango = []

    def ongeza(self, jina, kiasi):
        self.michango.append((jina, kiasi))
```

Kisha ripoti ya jumla, kwenye faili lingine:

```python
jumla = 0
for i in range(len(daftari.michango)):
    jumla += daftari.michango[i][1]
```

Inafanya kazi vizuri mpaka siku mweka hazina anapoomba michango ipangwe kwa wiki. Unaibadilisha `michango` iwe kamusi, ambapo kila namba ya wiki inashika orodha ya michango ya wiki hiyo, na wiki zinaanza na 1. Ripoti inakwenda kutafuta nafasi ya 0, haipo, programu inakufa na `KeyError: 0`. Unairekebisha ripoti. Kesho yake unaambiwa ujumbe wa simu hautoki. Unarekebisha na huko. Klasi moja imebadilika, na kila aliyekuwa akiisoma ameumia.

Tatizo ni kwamba kila msomaji wa daftari amelazimika kujua mambo mawili yasiyomhusu: data imehifadhiwa kwa muundo gani, na mtu anatokaje kwenye mchango mmoja kwenda unaofuata. Ruwaza ya itereta (kwa Kiingereza, iterator pattern) inamwondolea yote mawili. Ni moja kati ya ruwaza 23 za usanifu wa programu zilizokusanywa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides mwaka 1994, na kwa maoni yangu ndiyo unayoitumia mara nyingi kuliko nyingine zote hata kama hujawahi kuisikia kwa jina, kwa sababu lugha nyingi zimeiweka ndani ya kitanzi chao cha `for`.

Nitatumia Python 3 hapa chini. Mwishoni nitagusa Java, JavaScript na PHP, maana huko kuna mitego yake.

## Hatua ya 1: Tenganisha mwenye data na mwenye nafasi

Hili ndilo jambo lenyewe. Ukilishika vizuri, mengine yote yatafuata.

Fikiria kitabu kimoja kinachosomwa na watu wawili kwa kupokezana. Kila mmoja ana kipande chake cha karatasi alichokiweka pale alipoishia. Kitabu chenyewe hakijui nani yuko ukurasa upi, na hakina haja ya kujua. Wasomaji wakiwa kumi, vipande vya karatasi vitakuwa kumi na kitabu kitabaki kimoja.

Katika msimbo, kitabu ni mkusanyiko wako, yaani `Daftari`. Kipande cha karatasi ni itereta: objekti ndogo ya pembeni ambayo kazi yake ni kukumbuka tumefika wapi na kutoa kinachofuata. Python inadai vitu vichache tu kutoka kwa kila upande. Mkusanyiko uwe na methodi ya `__iter__` inayorudisha itereta mpya kila inapoitwa. Itereta iwe na `__next__` inayotoa kitu kimoja na kusogea, na ikifika mwisho irushe `StopIteration`. Itereta nayo iwe na `__iter__`, lakini yake inajirudisha yenyewe, ili mtu aliyeshika itereta tayari aweze kuiingiza kwenye `for` bila matatizo.

## Hatua ya 2: Iandike kwa mkono walau mara moja

Kuna njia fupi zaidi, na tutaifikia. Lakini anayeanza na njia fupi hubaki hajui nini kinatokea ndani, na siku mambo yakiharibika hana pa kushika. Kwa hiyo tuanze na njia ndefu.

```python
from typing import NamedTuple

class Mchango(NamedTuple):
    wiki: int
    jina: str
    kiasi: int

class Daftari:
    def __init__(self):
        self._kwa_wiki = {}

    def fungua_wiki(self, wiki):
        self._kwa_wiki.setdefault(wiki, [])

    def ongeza(self, wiki, jina, kiasi):
        self.fungua_wiki(wiki)
        self._kwa_wiki[wiki].append(Mchango(wiki, jina, kiasi))

    def __iter__(self):
        return IteretaYaDaftari(self._kwa_wiki)
```

Kamusi sasa ina kistari cha chini mbele ya jina lake, `_kwa_wiki`. Python haizuii mtu wa nje kuigusa, lakini waandishi wa Python wote wanaielewa alama hiyo: hili ni la ndani, usilitegemee. Na itereta ndiyo hii:

```python
class IteretaYaDaftari:
    def __init__(self, kwa_wiki):
        self._kwa_wiki = kwa_wiki
        self._wiki = sorted(kwa_wiki)
        self._w = 0    # tuko wiki ipi
        self._m = 0    # tuko mchango wa ngapi ndani ya wiki hiyo

    def __iter__(self):
        return self

    def __next__(self):
        while self._w < len(self._wiki):
            orodha = self._kwa_wiki[self._wiki[self._w]]
            if self._m < len(orodha):
                mchango = orodha[self._m]
                self._m += 1
                return mchango
            self._w += 1
            self._m = 0
        raise StopIteration
```

Tazama ile `while`. Wengi hapo huweka `if`, na kwa data ya majaribio yenye wiki moja tu kila kitu hupita. Kisha inakuja wiki ya pili. Ukiwa na `if`, itereta ikimaliza michango ya wiki ya kwanza inaruka kwenye wiki inayofuata lakini haina njia ya kurudi juu kutazama tena, inaangukia kwenye `StopIteration`, na michango yote ya baadaye haionekani. Hakuna ujumbe wa kosa; jumla tu inatoka pungufu. Kwa `while`, itereta inarudi juu kutazama wiki inayofuata, na inaruka hata wiki tupu, ambayo mkutano ulifunguliwa lakini hakuna aliyechanga, labda kwa msiba au sikukuu, mpaka ipate mchango au iishiwe wiki.

Jambo la pili la kuangalia: itereta iliyokwisha ibaki imekwisha. Ukiita `next` tena baada ya mwisho, lazima irushe `StopIteration` tena na tena. Hapa tumelipata bila jasho kwa sababu `_w` haishuki kamwe.

Jaribu:

```python
d = Daftari()
d.ongeza(1, "Asha", 5000)
d.ongeza(1, "Juma", 10000)
d.fungua_wiki(2)
d.ongeza(3, "Asha", 5000)

for m in d:
    print(m.wiki, m.jina, m.kiasi)
```

Utapata mistari mitatu: `1 Asha 5000`, `1 Juma 10000`, `3 Asha 5000`. Ripoti ya jumla nayo imekuwa mstari mmoja, `sum(m.kiasi for m in d)`, inayotoa 20000. Na hapa ndipo ruwaza hii inapolipa: `max`, `sorted`, `list`, `zip`, `any`, zote sasa zinalikubali daftari lako bila wewe kuongeza chochote, kwa sababu zote huzungumza na itereta.

## Hatua ya 3: Fungua `for` uone ndani

Kitanzi cha `for` hakina muujiza. Kile cha hapo juu ni sawa na hiki:

```python
it = iter(d)
while True:
    try:
        m = next(it)
    except StopIteration:
        break
    print(m.wiki, m.jina, m.kiasi)
```

`iter(d)` inaita `d.__iter__()`, na `next(it)` inaita `it.__next__()`. Basi. Kumbuka kwamba `iter` inaitwa mara moja tu, mwanzoni. Kila `for` inayoanza inaomba itereta yake mwenyewe.

## Hatua ya 4: Usimpe mkusanyiko kazi ya itereta

Kuna mtego ambao ukitafuta mifano mtandaoni utaukuta umeandikwa kama njia sahihi. Mwandishi anaona klasi mbili ni nyingi, anaweka `__iter__` na `__next__` pamoja ndani ya mkusanyiko wenyewe:

```python
class DaftariBaya:
    def __init__(self, michango):
        self._michango = michango

    def __iter__(self):
        self._i = 0
        return self

    def __next__(self):
        if self._i >= len(self._michango):
            raise StopIteration
        m = self._michango[self._i]
        self._i += 1
        return m
```

Kitanzi kimoja kinapita salama. Sasa mweka hazina anataka kujua kama kuna mchango ulioandikwa mara mbili: wiki ileile, jina lilelile, kiasi kilekile.

```python
for a in d:
    for b in d:
        if a is not b and a == b:
            print("Huenda umeandikwa mara mbili:", a)
```

Fuata kinachotokea ukiwa na `DaftariBaya`. Kitanzi cha nje kinachukua mchango wa kwanza. Kitanzi cha ndani kinaanza, kinarudisha `_i` kwenye 0, kinapita mpaka mwisho. Tunarudi nje, tunaomba mchango wa pili, lakini `_i` iko mwisho tayari, maana nafasi ni moja na wote wawili wanaitumia. Kitanzi cha nje kinafungwa. Programu imekagua mchango mmoja tu na kukuambia daftari ni safi. Katika mambo ya fedha za watu, jibu la uongo lisilo na kelele ni baya kuliko programu kuanguka.

Ukitumia `Daftari` la hatua ya 2, kila kitanzi kinapata itereta yake na ukaguzi unakamilika. (Kila jozi itachapishwa mara mbili, `a` na `b` wakibadilishana, ukitaka mara moja, tumia `itertools.combinations(d, 2)`.)

Njia rahisi ya kupima klasi yoyote uliyopewa ni kuuliza `iter(x) is x`. Ikijibu `True`, hiyo ni itereta yenyewe: inapitika mara moja, na haifai kuwekewa kitanzi ndani ya kitanzi. Faili lililofunguliwa kwa `open` linajibu `True`. Orodha na kamusi zinajibu `False`.

## Hatua ya 5: Fupisha kwa `yield`

Ile klasi ya `IteretaYaDaftari` ina mistari zaidi ya kumi na tano ya kuhesabu nafasi mbili. Sasa unajua inafanya nini, unaweza kuiacha Python ihesabu:

```python
    def __iter__(self):
        for wiki in sorted(self._kwa_wiki):
            yield from self._kwa_wiki[wiki]
```

Futa klasi nzima ya itereta, weka methodi hii ndani ya `Daftari`, na matokeo ni yaleyale, wiki tupu zikiwemo. Funksheni yenye `yield` ndani yake haitekelezwi inapoitwa. Inarudisha objekti inayoitwa jenereta, ambayo ni itereta kamili yenye `__next__` yake. Kila ukiiomba, inaendelea hadi kwenye `yield` inayofuata, inatoa kitu, kisha inasimama palepale vigeu vyake vyote vikiwa vimehifadhiwa. Ile `_w` na `_m` hazijatoweka, zimehamia kwenye kumbukumbu ya jenereta. Na kwa kuwa kila mwito wa `__iter__` unazaa jenereta mpya, utengano wa hatua ya 1 umebaki ulivyo.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Barbara Liskov na wanafunzi wake wa MIT waliliweka kwenye lugha ya CLU miaka ya 1970, pamoja na neno lenyewe `yield`. Python ililipokea kwenye toleo la 2.2, mwishoni mwa mwaka 2001.

Kama ndani una orodha moja ya kawaida, usiandike hata jenereta. `return iter(self._michango)` inatosha kabisa.

Kwa `yield`, kuongeza njia nyingine za kupitia data ni kazi ya dakika:

```python
    def __reversed__(self):
        for wiki in sorted(self._kwa_wiki, reverse=True):
            yield from reversed(self._kwa_wiki[wiki])

    def ya(self, jina):
        for m in self:
            if m.jina == jina:
                yield m
```

Sasa `reversed(d)` inaanza na wiki ya karibuni, na `d.ya("Asha")` inatoa michango ya Asha tu. Lakini shika breki kidogo kwenye hiyo ya pili. `ya` inarudisha jenereta, na jenereta ni ya safari moja:

```python
za_asha = d.ya("Asha")
jumla = sum(m.kiasi for m in za_asha)
idadi = sum(1 for m in za_asha)
print(jumla / idadi)
```

`sum` ya kwanza imeimaliza. Ya pili inakuta pakavu, `idadi` inakuwa 0, na unapata `ZeroDivisionError`. Ukihitaji kupita mara mbili, ita `d.ya("Asha")` upya kila mara, au ihifadhi kwa `list(d.ya("Asha"))` ikiwa data si kubwa.

## Hatua ya 6: Peleka ruwaza kwenye mti

Kwa orodha, itereta inaweza kuonekana ni urembo. Kwa mti, ni lazima. Mgawanyo wa maeneo ya utawala Tanzania ni mti wa aina hiyo: mkoa una wilaya, wilaya ina kata, kata ina vijiji au mitaa. Anayetaka orodha ya maeneo yote hapaswi kuandika vitanzi vinne, kimoja ndani ya kingine, kila mara.

```python
from collections import deque

class Eneo:
    def __init__(self, jina, watoto=()):
        self.jina = jina
        self._watoto = list(watoto)

    def __iter__(self):
        yield self
        for mtoto in self._watoto:
            yield from mtoto

    def kwa_ngazi(self):
        foleni = deque([self])
        while foleni:
            eneo = foleni.popleft()
            yield eneo
            foleni.extend(eneo._watoto)

tanga = Eneo("Tanga", [
    Eneo("Lushoto", [Eneo("Mlalo"), Eneo("Shume")]),
    Eneo("Pangani", [Eneo("Kipumbwi"), Eneo("Mkwaja")]),
])
```

`[e.jina for e in tanga]` inatoa Tanga, Lushoto, Mlalo, Shume, Pangani, Kipumbwi, Mkwaja: inamaliza wilaya moja hadi chini kabla ya kugusa nyingine. Hiyo inafaa kwa orodha ya kuchapisha. `tanga.kwa_ngazi()` inatoa Tanga, kisha Lushoto na Pangani, kisha kata zote nne. Hiyo inafaa ukiwa unatafuta eneo lililo karibu na juu ya mti, kwa sababu hutashuka hadi vijijini bila sababu.

Data ni ileile, safari ni mbili tofauti, na `Eneo` halikumbuki nafasi ya yeyote. Katika `kwa_ngazi`, foleni yote ya kusubiri inaishi ndani ya jenereta.

Kwenye mti mrefu sana ile `__iter__` inayojiita yenyewe itagonga kikomo cha Python, ambacho kwa kawaida ni miito 1000 iliyopandana. Mgawanyo wa mkoa hadi kitongoji haufiki hata ngazi kumi, kwa hiyo hapa usijisumbue. Kwa miti usiyojua kina chake, tumia mtindo wa `kwa_ngazi`, na ukitaka mpangilio wa kushuka kwanza, badilisha `popleft` iwe `pop` na uingize watoto kwa kinyumenyume.

## Hatua ya 7: Vuta data kidogo kidogo

Itereta haidai data yote iwepo kabla ya kuanza. Hili lina faida ya moja kwa moja kwa programu inayotumia simu na bando la intaneti. Tuseme miamala iko kwenye seva inayoitoa ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa unakuja na alama ya ule unaofuata:

```python
def miamala(leta_ukurasa):
    alama = None
    while True:
        ukurasa = leta_ukurasa(alama)
        yield from ukurasa["miamala"]
        alama = ukurasa["inayofuata"]
        if alama is None:
            return
```

Anayeitumia anaona mfululizo mmoja wa miamala. Habari za kurasa hazijui. Akitaka 20 ya kwanza tu, anaandika `islice(miamala(leta_ukurasa), 20)`, `islice` ikitoka kwenye moduli ya `itertools`. Kama kila ukurasa una miamala 50, seva itaombwa mara moja tu. Kurasa zilizobaki hazitaguswa, na bando la mtumiaji halitaliwa.

Angalia kwamba nimemaliza kwa `return`. Ndani ya jenereta usirushe `StopIteration` kwa mkono: tangu Python 3.7 inageuzwa kuwa `RuntimeError`. Kurusha kwa mkono ni kwa `__next__` uliyoiandika mwenyewe, kama ile ya hatua ya 2.

Jenereta inayofungua faili au muunganisho wa hifadhidata iufungue kwa `with` ndani yake. Msomaji akiachia njiani, jenereta ikifungwa, `with` itasafisha. Ukitaka usafi huo utokee saa hiyohiyo bila kusubiri, ita methodi yake ya `close()`.

## Hatua ya 8: Amua nini kitokee data ikibadilika katikati

Swali hili lisipojibiwa mapema, litajijibu lenyewe kwa njia usiyoipenda. Orodha ya Python inajibu hivi:

```python
namba = [1, 2, 2, 3]
for n in namba:
    if n == 2:
        namba.remove(n)
print(namba)    # [1, 2, 3]
```

Mbili moja imebaki. Ile ya kwanza ilipotolewa, ya pili ilisogea kuchukua nafasi yake, wakati itereta imeshahamia nafasi inayofuata. Kamusi ni kali zaidi: ikiongezewa au kupunguziwa kitu katikati ya kitanzi inarusha `RuntimeError`.

`Daftari` letu liko katikati, na hapo si pazuri kukaa. Ukiongeza wiki mpya wakati mtu anasoma, hataiona, kwa sababu `sorted` ilishachukua orodha ya wiki mwanzoni. Ukiongeza mchango kwenye wiki anayoisoma, atauona. Msimbo unaoongeza mchango kwenye wiki ileile kwa kila mchango unaousoma hautaisha kamwe.

Njia ya kwanza ni kunakili: itereta ichukue nakala ya michango yote inapoanza. Ni salama, inakula kumbukumbu, na kwa kikundi cha watu thelathini hutaona tofauti. Njia ya pili, ninayoipendelea kwa data kubwa, ni kuhesabu mabadiliko. Weka `self._toleo = 0` kwenye `__init__`, ongeza `self._toleo += 1` kwenye kila methodi inayobadilisha daftari, kisha:

```python
    def __iter__(self):
        toleo = self._toleo
        for wiki in sorted(self._kwa_wiki):
            for m in self._kwa_wiki[wiki]:
                yield m
                if self._toleo != toleo:
                    raise RuntimeError("Daftari limebadilishwa likiwa linasomwa")
```

Ukaguzi uko baada ya `yield`, kwa sababu mabadiliko hutokea wakati msomaji ameshika mchango na jenereta imesimama. Tena, `toleo` linasomwa `next` ya kwanza inapoitwa, si `iter` inapoitwa, maana mwili wa jenereta hauanzi mapema. Klasi kama `ArrayList` za Java zinatumia mbinu hiyohiyo, na kosa lake ni lile `ConcurrentModificationException` ambalo kila anayejifunza Java hukutana nalo.

## Hatua ya 9: Majaribio yanayokamata makosa ya kweli

Jaribio la "kitanzi kinatoa vitu vyote" karibu halikamati kitu. Haya yanakamata:

```python
def test_tupu():
    assert list(Daftari()) == []

def test_wiki_tupu_katikati():
    d = Daftari()
    d.ongeza(1, "Asha", 5000)
    d.fungua_wiki(2)
    d.ongeza(3, "Juma", 5000)
    assert [m.wiki for m in d] == [1, 3]

def test_wasomaji_wawili():
    d = Daftari()
    d.ongeza(1, "Asha", 5000)
    d.ongeza(1, "Juma", 10000)
    a, b = iter(d), iter(d)
    next(a)
    next(a)
    assert next(b).jina == "Asha"

def test_iliyokwisha_imekwisha():
    it = iter(Daftari())
    assert next(it, None) is None
    assert next(it, None) is None
```

La tatu ndilo muhimu kuliko yote. `DaftariBaya` lingeangukia hapo papo hapo.

## Ukihamia lugha nyingine

Katika JavaScript, tangu kiwango cha mwaka 2015, mkusanyiko unaweka methodi kwenye `[Symbol.iterator]`, na `next()` ya itereta inarudisha objekti yenye `value` na `done`. Mwisho hautangazwi kwa kurusha kosa bali kwa `done: true`. Jenereta zipo, kwa `function*` na `yield`, na mfano wetu wa miti unahamia huko karibu mstari kwa mstari.

PHP ina kiolesura cha `Iterator` chenye methodi tano: `current`, `key`, `next`, `rewind` na `valid`. Kwa sababu ya hiyo `rewind`, ni rahisi mno kuiweka `Iterator` kwenye mkusanyiko wenyewe na kurudi kwenye mtego wa hatua ya 4. Tumia `IteratorAggregate`, ambayo inadai methodi moja tu, `getIterator`. Ndani yake unaweza kutumia `yield` vilevile.

Java iliweka `Iterator` kwenye toleo la 1.2 mwaka 1998, na mwaka 2004, kwenye Java 5, ikaongeza `Iterable` ili mkusanyiko wako uweze kuingia kwenye `for` fupi. Huko kuna methodi mbili za lazima, `hasNext` na `next`, na hapo pana sharti linalosahaulika: `hasNext` isisogeze nafasi. Msomaji ana haki ya kuiuliza mara tatu mfululizo na kupata jibu lilelile, au kuita `next` bila kuiuliza kabisa. Ukiwa unachuja data, mfano michango ya Asha tu, `hasNext` inalazimika kutafuta mbele ili ijue kama kuna kinachofuata. Kilichopatikana kihifadhi kwenye kigeu cha ndani, `next` ikitoe na kukifuta, na `hasNext` ikikuta kigeu hicho kimejaa ijibu `true` bila kutafuta tena. Na `next` ikiitwa wakati hakuna kilichobaki, irushe `NoSuchElementException`. Usirudishe `null`, kwa sababu kwenye baadhi ya mikusanyiko `null` ni kitu halali.